Pumba za Mpunga na Majitaka ya Viwanda: Namna Taka za Shambani Zinavyonasa Metali Zenye Sumu

Kila msimu wa mavuno, vilima vya pumba huinuka nyuma ya mashine za kukoboa mpunga. Takriban moja ya tano ya uzito wa mpunga ni ganda lake la nje, hivyo tani tano za mpunga huacha tani moja hivi ya pumba. Sehemu ya pumba hizo huchomea matofali, sehemu hutandikwa katika mabanda ya kuku, na zinazobaki huchomwa moto kwa kuwa hazina mnunuzi.

Wakati huohuo, karakana na viwanda vidogo vinaendelea kuongezeka katika maeneo yetu. Mafundi betri, wachovyaji wa vyuma, wasindikaji wa ngozi na wachenjuaji wa dhahabu wanatoa ajira na huduma zinazohitajika. Hata hivyo, baadhi ya shughuli hizo hutoa majitaka yenye metali za sumu, na majitaka hayo yasipotibiwa huishia katika mifereji, mito na bustani za mboga.

Makala haya yanaeleza namna mambo hayo mawili yanavyoweza kukutanishwa, yaani jinsi taka isiyo na bei inavyoweza kusaidia kuondoa sumu katika majitaka. Aidha, yanaeleza jambo moja ambalo likisahaulika kazi yote huwa bure: pumba haziangamizi sumu. Zinaitoa majini na kuibeba zenyewe. Anayezitupa ovyo pumba zilizokwisha kutumika ameirudisha sumu ileile kwa jirani zake kwa njia nyingine.

Metali zenye sumu ni zipi?

Metali zinazotajwa mara nyingi katika majitaka ya viwanda ni risasi, zebaki, kadimiamu, kromiamu, nikeli, shaba na zinki. Baadhi yake, kama vile shaba na zinki, huhitajika mwilini kwa kiasi kidogo sana na hudhuru zikizidi. Nyingine, kama vile risasi, zebaki na kadimiamu, hazina faida yoyote inayojulikana katika mwili wa binadamu.

Kila metali ina chanzo chake. Risasi hutoka katika betri za magari na pikipiki, hasa pale betri inapopasuliwa na maji yake makali kumwagwa ardhini. Kromiamu hutumika kusindika ngozi. Ngozi mbichi ikitiwa dawa ya kromiamu hugeuka rangi ya buluu hafifu na haiozi tena, lakini takriban theluthi moja ya dawa hiyo hubaki katika maji ya kusindikia. Nikeli, zinki na kadimiamu hutumika kuchovya vyuma ili visipate kutu. Zebaki hutumika na wachimbaji wadogo kunasia chembechembe za dhahabu.

Tofauti kubwa kati ya metali na uchafu mwingine ni kwamba metali haziozi. Maji ya jikoni, kinyesi na mabaki ya mazao huliwa na vijidudu hadi yakabadilika kuwa vitu visivyo na madhara. Risasi hubaki kuwa risasi. Inaweza kulala katika tope la mfereji kwa miaka mingi, ikaingia kwenye mizizi ya mchicha, ikafika mezani, na kutoka hapo ikaingia mwilini na kujihifadhi katika mifupa.

Kiasi kidogo, madhara makubwa

Shirika la Afya Duniani (WHO) linaelekeza kwamba maji ya kunywa yasizidi miligramu 0.01 za risasi kwa lita moja. Tafsiri ya kiwango hicho ni kwamba gramu moja tu ya risasi iliyoyeyuka inatosha kuyafikisha kwenye ukomo huo maji ya lita 100,000, sawa na ndoo 5,000 za lita 20. Kwa kadimiamu kiwango ni miligramu 0.003 kwa lita, na kwa kromiamu yote kwa jumla ni miligramu 0.05.

Wanaoathirika zaidi ni watoto. Mwili wa mtoto hufyonza risasi kwa wingi kuliko wa mtu mzima, na risasi hiyo hudhuru ubongo unaoendelea kukua. WHO inasisitiza kwamba hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama. Mtoto huweza kuathirika pasipo kuonyesha dalili ya haraka, na mzazi akaja kugundua baadaye kwamba mwanawe anapata shida ya kujifunza.

Historia ina mafunzo mawili yanayostahili kukumbukwa. Mwaka 1956, katika mji wa Minamata nchini Japani, iliripotiwa rasmi kuwapo kwa ugonjwa wa ajabu wa mishipa ya fahamu. Baadaye ilithibitika kwamba chanzo chake kilikuwa zebaki iliyomwagwa baharini pamoja na majitaka ya kiwanda cha kemikali, ikaingia kwa samaki, na wavuvi na familia zao wakala samaki hao. Mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, ambao Tanzania ni mwanachama wake, umepewa jina la mji huo.

Fundisho la pili liko jirani. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, wakazi waliathiriwa na risasi kutoka katika kiwanda kilichokuwa kikiyeyusha betri chakavu karibu na nyumba zao. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3. Fedha hizo, hata zikilipwa zote, haziondoi risasi iliyokwisha kuingia katika mifupa ya mtoto. Kwa sababu hiyo, mahali sahihi pa kuizuia sumu ni ndani ya uzio wa kiwanda, kabla maji hayajatoka.

Njia ya kawaida na upungufu wake

Njia iliyozoeleka ya kuondoa metali katika majitaka ni kutumia chokaa. Majitaka mengi ya viwanda vya aina hii huwa makali kama maji ya ndimu au zaidi. Chokaa inapotiwa, ukali hupungua, metali nyingi hushindwa kuendelea kuyeyuka, nazo hugandamana na kutuama chini kama tope. Maji ya juu huondolewa, tope hukusanywa.

Njia hii ni nzuri na ya bei nafuu kwa maji yenye metali nyingi. Hata hivyo, ina mipaka. Kwanza, baada ya tope kutuama, maji ya juu bado hubaki na metali kidogo, na kidogo hicho mara nyingi huzidi kiwango kinachoruhusiwa. Pili, kuna aina ya kromiamu iliyo hatari zaidi, inayojulikana kama kromiamu sita, ambayo haigandi kwa chokaa mpaka kwanza ibadilishwe kuwa kromiamu tatu. Tatu, mitambo ya kisasa ya kuondoa mabaki hayo madogo, kama vile vichujio vyenye utando mwembamba na vipande maalumu vya plastiki vinavyobadilishana chembe na maji, ina gharama kubwa ya kununua na kuendesha. Karakana yenye mafundi watano haiwezi kuimudu.

Hapa ndipo taka za shambani zinapopata nafasi.

Pumba zinanasa metali kwa namna gani?

Metali iliyoyeyuka majini si kipande cha chuma kinachoelea. Ni chembe ndogo mno zenye chaji ya umeme, na kwa metali nyingi chaji hiyo ni chanya. Kwa upande mwingine, maganda ya mimea yamejengwa kwa selulosi na lignini, na juu ya uso wake zimo sehemu nyingi ndogo ambazo majini huwa na chaji hasi. Chanya na hasi huvutana. Chembe ya risasi ipitapo karibu na ganda hushikwa na kubaki hapo.

Sehemu hizo tunaweza kuzifananisha na viti vya daladala. Viti vikiwa wazi, kila abiria anayepanda hupata pa kukaa. Vikijaa, abiria anayefuata hubaki kituoni. Vivyo hivyo, pumba zilizojaa metali huyaacha maji yapite na sumu yake kama yalivyokuja.

Mfano huo unaeleza pia kwa nini ukali wa maji una umuhimu. Maji yakiwa makali sana huwa yamejaa chembe za hidrojeni ambazo nazo zina chaji chanya. Hizo huwahi viti, na risasi hukosa nafasi. Kwa hiyo majitaka makali ya betri hayapaswi kupitishwa moja kwa moja katika pumba. Ni lazima kwanza yapunguzwe ukali.

Kromiamu sita hufuata kanuni tofauti, kwa sababu majini husafiri ikiwa na chaji hasi. Hiyo hunaswa vizuri zaidi katika maji yenye ukali, na maganda ya mimea yenyewe huibadilisha kwa kiasi fulani kuwa kromiamu tatu iliyo na madhara madogo zaidi. Hivyo hakuna kanuni moja inayofaa kwa kila kiwanda. Anayetaka kuitumia njia hii ni lazima kwanza apime maji yake na kujua yana nini.

Taka zipi hufaa?

Mbali na pumba za mpunga, taka nyingine kadhaa zimefanyiwa utafiti sehemu nyingi duniani na kuonekana kufaa:

• Maranda na unga wa mbao, ambavyo hupatikana kwa wingi katika karakana za useremala.

• Maganda ya ndizi na ya mihogo, pamoja na makapi ya miwa.

• Vifuu vya nazi. Vikichomwa pasipo hewa ya kutosha na kuamilishwa kwa mvuke, hutoa mkaa wenye matundu madogo mno usiohesabika, ambao tayari unauzwa duniani kote kwa kusafishia maji.

• Maganda ya mayai, ambayo kwa sehemu kubwa ni madini yaleyale yaliyomo katika chokaa ya mawe. Hupunguza ukali wa maji na kunasa metali kwa wakati mmoja.

• Magamba ya kaa na kamba, ambayo hutengenezwa kuwa kitosani, kitu chenye uwezo mkubwa wa kushika metali.

Taka hizi hazitumiwi zikiwa mbichi kama zilivyookotwa. Huoshwa, hukaushwa, hupondwa na kuchekechwa ili ziwe na ukubwa unaolingana. Mara nyingi hulowekwa kwanza katika asidi au magadi makali yaliyozimuliwa, kisha husuuzwa. Hatua hiyo huongeza viti na kuondoa rangi. Pumba au maranda yasiyooshwa huyafanya maji yawe ya kahawia, nayo rangi hiyo ni uchafu mpya unaokula hewa ya samaki mtoni.

Ushahidi kutoka nchini mwetu

Wazo la kusafisha maji kwa kitu kilichotupwa si geni Tanzania. Katika mikoa ya kaskazini, ikiwamo Arusha na Kilimanjaro, maji ya baadhi ya visima na vijito yana madini ya floraidi kupita kiasi, ambayo huyafanya meno kuwa ya kahawia na mifupa kupinda. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, mkoani Arusha, kimefanya kazi kwa miaka mingi ya kuondoa floraidi hiyo kwa kutumia mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Mifupa huchomwa katika tanuri lenye hewa kidogo, husagwa, na kujazwa katika ndoo au mapipa ambamo maji ya kunywa hupitishwa.

Floraidi si metali, lakini kanuni ni moja: kitu chenye uso mpana hukishika kile kisichotakiwa, na maji huendelea na safari. Ngurdoto inafundisha pia kwamba kichujio cha namna hii huhitaji usimamizi. Mkaa wa mifupa huchoka na kuhitaji kubadilishwa, na anayetumia kichujio kilichochoka hunywa floraidi huku akiamini yuko salama.

Mtambo mdogo unavyopangwa

Kwa karakana au kiwanda kidogo, mpangilio unaopendekezwa huwa na hatua nne.

Kwanza, majitaka hukusanywa katika tangi moja badala ya kuachwa yatiririke kila dakika. Hapo mafuta huondolewa juu na mchanga hutuama chini.

Pili, chokaa hutiwa kwa kipimo huku ukali ukipimwa, hadi metali nyingi zigande. Maji huachwa yatulie, kisha tope hutengwa.

Tatu, maji yaliyotulia hupitishwa polepole katika mapipa mawili yaliyounganishwa. Kila pipa lina kokoto chini, mchanga juu yake, kisha pumba zilizoandaliwa. Pipa la kwanza hufanya kazi kubwa na la pili ni mlinzi. Pipa la kwanza likijaa, pumba zake hutolewa, la pili huchukua nafasi yake, na pipa lenye pumba mpya huwekwa nyuma kuwa mlinzi. Kwa utaratibu huu hakuna siku ambayo maji hutoka bila kupita katika pumba zenye viti wazi.

Nne, maji yanayotoka huchukuliwa sampuli na kupelekwa maabara. Macho hayawezi kuona risasi. Maji maangavu kabisa huweza kuwa na risasi mara kumi ya kiwango, na maji yenye tope huweza yasiwe nayo hata kidogo.

Hesabu inayofaa kufahamika

Tuchukue mfano wa kufikirika. Karakana inatoa lita 1,000 za majitaka kwa siku, na baada ya chokaa maji hayo yamebaki na miligramu 10 za metali kwa lita. Hiyo ni gramu 10 kwa siku. Tukikadiria kwamba kilo moja ya pumba hushika gramu tano, karakana itahitaji kilo mbili za pumba kila siku. Pipa la lita 200 huchukua takriban kilo 20 za pumba, kwa kuwa pumba ni nyepesi. Pipa hilo litadumu siku kumi hivi. Huo ni mzigo unaobebeka.

Sasa tuchukue kiwanda kinachotaka kuruka hatua ya chokaa na kupitisha katika pumba maji ya kusindikia ngozi yenye miligramu 2,000 za kromiamu kwa lita. Katika lita 1,000 mna kilo mbili za kromiamu, nazo zitahitaji kilo 400 za pumba kila siku. Hakuna mwenye nafasi ya kuhifadhi mlima huo wa pumba zenye sumu.

Hesabu hii inaonyesha mahali halisi pa taka za shambani. Si mbadala wa chokaa wala si dawa ya kila kitu. Kazi yake ni ya mwisho: kuokota mabaki madogo ambayo njia ya kawaida imeyaacha. Kwa kazi hiyo, gharama yake ni ndogo mno ikilinganishwa na mitambo ya kununua nje.

Pumba zilizotumika ni taka hatarishi

Hili ndilo jambo kuu katika makala haya. Baada ya kutumika, pumba hufanana na pumba nyingine zote. Hazina harufu wala rangi ya kumwonya mtu. Kilo 20 zilizotolewa katika pipa la mfano wetu zina gramu 100 za metali. Kama metali hiyo ni risasi, inatosha kuyafikisha kwenye ukomo wa WHO maji ya lita milioni 10.

Katika mazingira yetu pumba zina matumizi mengi, na kila tumizi ni mlango ambao sumu inaweza kupitia. Zikichomwa katika tanuri la matofali, zebaki hupaa na moshi, risasi na kadimiamu huondoka kwa sehemu na moshi na kwa sehemu hubaki katika majivu, nayo majivu hupeperushwa hadi kwenye makazi. Zikitandikwa katika banda la kuku, kuku hudonoa. Zikitiwa shambani kama mbolea, mazao hufyonza. Zikiachwa mvuani karibu na mto, maji ya mvua yenye ukali kidogo huanza kuzinyang'anya metali zilizoshikwa.

Kwa hiyo, pumba zilizotumika ni lazima zitengwe, ziwekwe katika vyombo visivyovuja vyenye alama, chini ya paa na juu ya sakafu ya saruji. Baada ya hapo kuna njia mbili. Njia ya kwanza ni kuzisuuza kwa asidi iliyozimuliwa, nayo hulazimisha metali iachie viti na kuingia katika maji machache ambayo kiwanda huweza kuyatumia tena au kuyagandisha. Njia ya pili ni kuzikabidhi kwa mtu au kampuni yenye kibali cha kusafirisha na kuteketeza taka hatarishi. Mwendesha karakana asiye na jibu la swali "pumba hizi zitakwenda wapi?" hajawa tayari kuanza kuzitumia.

Ikumbukwe pia kwamba sumu rahisi kuliko zote kuiondoa ni ile ambayo haikuingia majini. Maji ya betri yahifadhiwe katika dumu la plastiki na kukabidhiwa pamoja na betri chakavu kwa wakusanyaji wenye kibali. Ngozi inaweza kusindikwa kwa dawa itokanayo na magome ya miwati, mti unaostawi katika nyanda zetu za juu, badala ya kromiamu.

Sheria inasemaje?

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka msingi kwamba mchafuzi wa mazingira ndiye anayebeba gharama ya uchafuzi wake. Chini ya sheria hiyo, kanuni za mwaka 2007 zimeweka viwango vya ubora wa maji, vikiwamo vya majitaka yanayoruhusiwa kutiririshwa. Aidha, Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inamtaka anayetiririsha majitaka katika chanzo cha maji awe na kibali kutoka Bodi ya Maji ya Bonde husika. Anayeyaelekeza katika mtandao wa majitaka wa mji anahitaji ridhaa ya mamlaka ya majisafi na usafi wa mazingira.

Kuwa na mapipa ya pumba hakuondoi wajibu wa kuwa na kibali. Vilevile, kuwa na kibali hakuondoi wajibu wa kupima maji. Mwenye karakana anayetaka kuanza kutumia njia hii anashauriwa kuonana kwanza na Afisa Mazingira wa Wilaya, ambaye atamwelekeza kuhusu vibali, upimaji na utunzaji wa taka hatarishi.

Mkazi ufanye nini?

Ndugu mkazi, njia iliyoelezwa hapa ni ya kutibu majitaka ndani ya kiwanda au karakana. Si njia ya kutengeneza maji ya kunywa nyumbani. Usichuje maji ya mto kwa pumba au maranda ukaamini kuwa yamekuwa salama. Vilevile:

• Kuchemsha maji huua vijidudu lakini hakuondoi metali. Maji yanapopungua kwa kuchemka, metali hubaki katika maji machache zaidi. Dawa ya klorini nayo haiondoi metali.

• Kuosha mboga huondoa udongo na vumbi juu ya jani, lakini hakuondoi metali iliyokwisha kufyonzwa na mmea. Usimwagilie bustani kwa maji ya mfereji unaopokea majitaka ya karakana.

• Usikubali kupewa pumba, maranda au majivu yaliyotoka kiwandani kwa ajili ya banda, shamba au tanuri kabla hujajua yalitumika kwa kazi gani.

• Usipasue betri nyumbani, na usiruhusu watoto kucheza mahali betri zinapofunguliwa. Fundi abadilishe nguo na kunawa kabla ya kumbeba mtoto.

• Uonapo majitaka yanatiririka kutoka karakana au kiwandani, samaki wanaelea, au mimea ya ukingoni imeungua, andika tarehe, saa na mahali. Toa taarifa kwa Mwenyekiti wa Mtaa au Kijiji, Afisa Mtendaji wa Kata au Afisa Afya wa Kata. Suala hilo hufikishwa kwa Afisa Mazingira wa Wilaya, na pale inapobidi kwa Bodi ya Maji ya Bonde na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC). Kutoa taarifa hakuna malipo.

• Usichukue sampuli mwenyewe kwa chupa ya soda kwa ajili ya ushahidi. Sampuli ya metali huhitaji chupa safi iliyoandaliwa na utunzaji maalumu, na kazi hiyo hufanywa na wataalamu wa maabara za ubora wa maji au za Mkemia Mkuu wa Serikali.

• Mtoto akiwa ameishi karibu na mahali panapoyeyushwa au kupasuliwa betri, mpeleke kituo cha afya na umweleze mhudumu jambo hilo waziwazi. Daktari hawezi kufikiria risasi kama hakuambiwa kuna risasi.

Kwa wenye mashine za kukoboa mpunga, maseremala na wauza nazi, taka zenu huenda siku moja zikapata wanunuzi wapya. Kwa wenye karakana, ipo njia ambayo si ya gharama kubwa ya kumaliza kazi ambayo chokaa imeianza. Na kwa sisi sote tunaotumia maji ya mto mmoja, swali la kumuuliza kila anayesema amesafisha maji yake ni moja tu: sumu uliyoitoa umeiweka wapi?

Kwa maelezo zaidi, fika katika ofisi ya Afisa Mtendaji wa Kata yako au Ofisi ya Afisa Mazingira, Makao Makuu ya Halmashauri, siku na saa za kazi.